Kasuku wa Kindu na safari ya ndege: ilikuwaje mnyama wa nyumbani akaanza kuombwa karatasi?

KINDU – Mji wa Kindu una komini 3: Mikelenge, Alunguli iliyo ng'ambo ya mto Lualaba, na Kasuku. Hii ya mwisho ina jina moja na ndege ambaye watoto wa Maniema wanamjua kabla ya kujua kusoma: wa kijivu, mwenye mkia mwekundu, anayeiga sauti ya mama akiita watu mezani. Katika nyumba nyingi za mji, kasuku wa barazani amezeeka pamoja na wenye nyumba. Akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40 na zaidi.

Shida inakuja siku jamaa inapohama. Barabara za kutoka Kindu ni mbaya, treni haina uhakika, kwa hiyo mwenye uwezo anapanda ndege. Magodoro yanauzwa, masufuria yanagawiwa majirani, nguo zinafungwa. Kisha mtoto anauliza: na kasuku? Na mbwa? Zamani jibu lilikuwa jepesi: watabebwa. Leo mbwa anahitaji karatasi, na kasuku anaweza kumfikisha mwenyewe mbele ya askari. Mambo hayo hayakuanza jana, na yana sababu.

Kabla ya ndege, Kindu ilikuwa mji wa mto na reli. Kufikia 1911 reli ilikuwa imeunganisha Kindu na Kongolo, na kuelekea kaskazini watu walipanda mashua hadi Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, halafu treni hadi Stanleyville, yaani Kisangani. Safari ilichukua siku nyingi, lakini kwa mnyama ilikuwa na nafuu. Kizimba kilikaa miguuni pa mwenyewe, maji yaliongezwa kila kituo, mbwa alishuka akanyoosha miguu. Hakuna aliyehitaji sanduku la namna ya pekee.

Ndege ilibadilisha hayo. Mwaka 1925 rubani Mbelgiji Edmond Thieffry aliruka kutoka Brussels hadi Léopoldville kwa siku 51. Mwaka 1935 kampuni ya Sabena ilianza safari za kawaida kati ya Ubelgiji na Kongo. Wazungu waliomaliza kazi walianza kurudi kwao kwa ndege, na wengine walitaka kurudi na kasuku waliyemzoea. Lakini ndani ya ndege mnyama hayuko tena miguuni pa mtu. Anawekwa upande wa mizigo, gizani, katikati ya kelele, na kama maji yamemwagika hakuna wa kuyarudisha. Julai 1960, wiki chache tu baada ya uhuru, Wabelgiji walipokimbia kwa maelfu, nafasi za ndege zilikuwa za watu. Aliyekuwa na mbwa au kasuku aliachia mpishi, jirani, au alifungua mlango wa kizimba akaenda.

Katika miaka iliyofuata, kasuku alisafiri sana kwa ndege, lakini wengi hawakuwa wa jamaa zinazohama. Walikuwa bidhaa. Ulaya, Marekani na nchi za Kiarabu zilimtaka kwa sababu ya ulimi wake. Kasuku mmoja aliyeitwa Alex, aliyenunuliwa Chicago mwaka 1977 na mtafiti Irene Pepperberg, alijulikana dunia nzima kwa kutaja rangi, maumbo na hesabu ndogo, hadi alipokufa mwaka 2007. Watu waliomsikia walitaka wa kwao.

Msituni kazi ilifanywa kwa ulimbo. Mtegaji anapanda mti mrefu, anapaka ulimbo kwenye matawi, anaweka kasuku mmoja aliye hai ili awaite wenzake. Wanaotua wananasa. Wanakatwa manyoya ya mabawa, wanajazwa ndani ya vikapu, wanapelekwa hadi penye uwanja wa ndege. Kwa misitu ya Lomami na Lualaba, milango ilikuwa Kindu na Kisangani. Wengi walikufa kabla ya kuona ndege yenyewe. Kasuku hutaga mayai machache na huhitaji shimo la mti mkubwa, kwa hiyo kundi lililovunwa hivyo halirudi upesi.

Dunia ilianza kuweka sheria. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya pori, ulitiwa sahihi Washington mwaka 1973 na kuanza kazi mwaka 1975. Zaire iliingia mwaka 1976. Mwaka 1981 kasuku aliwekwa kwenye orodha ya pili: biashara iliruhusiwa, lakini kwa kibali na kwa idadi maalumu. Mkataba uliacha mlango mdogo kwa vitu vya binafsi na vya nyumbani, ila mlango huo ulikuwa na masharti. Mwaka 1997, katika mkutano wa Harare, nchi zilikubaliana pia juu ya hati ya umiliki kwa mtu anayevuka mipaka mara kwa mara na mnyama wake aliye hai. Hivyo ndivyo mnyama wa nyumbani alivyoanza kuwa na karatasi yake, kama mtu.

Vibali havikutosha. Kati ya 1975 na 2013 kasuku zaidi ya milioni 1.3 wa pori waliandikwa katika hesabu za biashara ya dunia, bila kuhesabu waliokufa njiani na waliopita kwa siri. Nchini Ghana watafiti walikuta kwamba tangu 1992 kasuku wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99. Na Desemba 2010, habari moja ilishtua watu wengi: kasuku kutoka Kongo, waliosafirishwa kwa ndege kati ya Johannesburg na Durban huko Afrika Kusini, walifika Durban wakiwa maiti kwa mamia.

Vifo vya namna hiyo vinaeleza kwa nini mashirika ya ndege yanafuata kanuni za IATA juu ya wanyama hai. Sanduku liwe gumu, lenye matundu ya hewa pande zote. Kasuku awe na kijiti cha kusimamia, na mkia usiguse chini. Kitambaa chepesi kipunguze mwanga ili atulie. Chombo cha maji kijazwe kutoka nje bila kufungua mlango. Mbwa aweze kusimama, kugeuka na kulala. Asipewe dawa ya usingizi, kwa sababu angani inaweza kumzuia kupumua. Na wafugaji wenye uzoefu wanaongeza jambo moja: sanduku liletwe nyumbani wiki kadhaa mapema, mnyama alie chakula humo, alizoee.

Mwaka 2016 ulikuwa mkubwa kwa Maniema. Mwezi wa Julai ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Lomami, katika majimbo ya Maniema na Tshopo. Mwezi wa Oktoba, huko Johannesburg, nchi za CITES zilimhamisha kasuku hadi orodha ya kwanza, ambayo inafunga biashara ya kasuku wa pori. Uamuzi ulianza kazi Januari 2017. Kongo iliandikisha pingamizi lake, lakini nchi nyingi zinazopokea zilifunga milango.

Milango mingine ilikuwa imeshafungwa. Marekani, kwa sheria ya 1992, inamruhusu mtu anayehamia huko kuingia na ndege wa kufugwa wasiozidi 2 kwa mwaka, tena awe ameishi nje mwaka mzima na awe na karatasi za CITES. Umoja wa Ulaya ulisimamisha kuingiza ndege mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 ukafunga kabisa biashara ya ndege wa pori. Waliofuatana na wenyewe waliwekewa kikomo cha 5, pamoja na masharti ya afya.

Kwa mbwa njia ipo, ila ni ndefu. Kongo haimo katika orodha ya nchi ambazo Ulaya inaziamini juu ya kichaa cha mbwa. Kwanza mbwa anawekewa chipu, kisha anachanjwa akiwa na wiki 12 au zaidi. Baada ya siku 30 damu yake inapimwa katika maabara iliyokubaliwa, halafu mwenyewe anangoja miezi 3. Kwa hiyo anayehamia Brussels aanze angalau miezi 4 kabla. Marekani nayo, tangu Agosti 2024, haipokei mbwa aliye chini ya miezi 6.

Kwa kasuku, jamaa nyingi zitagundua kwamba hazina karatasi inayoonyesha ametoka wapi. Alinunuliwa sokoni au aliletwa na mjomba kutoka msituni. Askari wa uwanja wa ndege hana njia ya kumtofautisha kasuku aliyelelewa na bibi kwa miaka 20 na yule aliyenaswa wiki iliyopita. Wafanyabiashara walijificha nyuma ya neno "ni wa nyumbani" kwa muda mrefu, na sasa wenye kasuku wa kweli wa nyumbani ndio wanaolipa.

Kwa hiyo anayejua kwamba atahama aulize mapema ofisi ya mazingira ya jimbo, kabla hajanunua tiketi. Kama kibali hakipatikani, kumwachia ndugu anayebaki ni heri kuliko kumficha ndani ya mkoba. Na kasuku mpya wa ulimbo asinunuliwe, hata akiwa wa bei rahisi, kwa sababu nyuma ya huyo mmoja aliyefika sokoni wako wengi waliokufa njiani.