Fuwele za Kivu Kaskazini na Elimu ya Umeme Wake

Kalembe iko kwenye mpaka wa wilaya za Masisi na Walikale, katika jimbo la Kivu Kaskazini, kando ya barabara inayotoka Kitshanga, ikapita Mweso na Kashuga, kisha ikaendelea hadi Pinga. Kusini yake, ndani ya Masisi, yapo machimbo ya koltani ya Rubaya. Magharibi, katika misitu ya Walikale, upo mlima wa Bisie wenye kasiteriti, yaani oksidi ya bati. Na kaskazini-mashariki, wilayani Rutshuru, umbali wa kilomita 150 hivi kutoka Goma, ipo Lueshe, ambayo jina lake husikika zaidi katika maabara za fizikia kuliko katika masoko ya madini. Historia ya eneo hili imezoeleka kuandikwa kama historia ya biashara na vita, na sababu zipo, kwani hata Kalembe yenyewe mnamo Oktoba 2024 ilipiganiwa kati ya waasi wa M23 na vikundi vya Wazalendo. Ipo hata hivyo historia nyingine iliyokwenda sambamba na hiyo, nayo ni ya jinsi wataalamu walivyojifunza kusoma mpangilio wa atomu ndani ya mawe ya aina hii, wakaeleza kwa nini jiwe moja huzuia umeme, jingine huupitisha kwa shida, na jingine huzalisha umeme likibanwa.

Fuwele ni dutu mango ambayo atomu zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia katika pande zote, na utaratibu huo ndio unaoipa kingo zake zilizonyooka na nyuso zake zinazometa. Sehemu kubwa ya fuwele za Masisi na Walikale zilizaliwa takriban miaka milioni 1,000 iliyopita, wakati uji wa moto uliounda graniti ulipokuwa ukipoa, na mabaki yake ya mwisho, yaliyojaa maji pamoja na elementi zilizokosa nafasi katika madini ya kawaida, yakajipenyeza katika nyufa za miamba ya juu. Mabaki hayo yalipoganda yalitoa pegmatiti, yaani mwamba wa fuwele kubwa kubwa za kwatzi, feldispa na ulanga, na miongoni mwa elementi zilizokosa nafasi zilikuwamo bati, niobi na tantali. Baadaye mvua na joto vya zama nyingi viliigeuza feldispa kuwa udongo mweupe laini, na hiyo ndiyo sababu mchimbaji wa Rubaya huweza kuyafikia madini kwa sururu na chepe, bila baruti.

Wabelgiji walioitawala nchi hii hawakuitafuta koltani. Kampuni ya Minière des Grands Lacs iliyoundwa mwaka 1923, Comité National du Kivu ya mwaka 1928 na Symétain ya mwaka 1932 zilishughulika hasa na ardhi, dhahabu na bati, na koltani ikawa kitu cha pembeni kilichotoka pamoja na kasiteriti. Mwaka 1976 kampuni za madini za Kivu ziliunganishwa kuwa SOMINKI, ambayo haikupata nafuu tangu soko la bati duniani lilipoporomoka Oktoba 1985, hata ikafikia mwisho wake mwaka 1997, wakati wachimbaji wadogo walipokuwa wamekwisha kuyakalia machimbo.

Koltani ni mchanganyiko wa madini mawili, kolumbiti yenye niobi nyingi na tantaliti yenye tantali nyingi, na mchanganyiko huo uliwasumbua wakemia wa Ulaya kwa zaidi ya nusu karne. Charles Hatchett wa Uingereza aliitambua elementi ya kwanza mwaka 1801, Anders Gustaf Ekeberg wa Uswidi akaitambua ya pili mwaka 1802, William Wollaston akatangaza mwaka 1809 kwamba zote mbili ni kitu kimoja, Heinrich Rose wa Ujerumani akapinga mwaka 1844, na hatimaye Jean Charles Galissard de Marignac, aliyefanya kazi Geneva, akapata njia ya kuzitenganisha mwaka 1866. Wollaston si wa kuchekwa. Atomu za niobi na za tantali, zikiwa ndani ya oksidi, zina chaji sawa na ukubwa unaokaribia kulingana kabisa, hivi kwamba moja huweza kukaa mahali pa nyingine ndani ya fuwele bila kuliharibu jengo zima. Kwa sababu hiyo hakuna koltani mbili zenye uwiano sawa, na mnunuzi wa Goma hapangi bei kabla ya kujua asilimia ya tantali iliyomo, ambayo jicho haliwezi kuiona. Uzito husaidia kidogo tu: katika mfereji wa kuoshea, kwatzi huchukuliwa na maji, kwa kuwa ujazo mmoja wake una uzito wa mara 2.65 ya maji, ilhali kasiteriti inayokaribia mara 7 na koltani yenye kati ya mara 5 na 8 hubaki chini pamoja, nyeusi kwa nyeusi. Sumaku kali ndiyo inayoyatenga madini haya mawili, kwa maana chuma na manganisi vilivyomo ndani ya koltani huvutwa, na kasiteriti safi haivutwi.

Mpangilio wenyewe wa atomu ulibaki kuwa dhana hadi mwaka 1912, Max von Laue na wenzake walipopitisha miali ya eksirei ndani ya fuwele na kuona kwamba inatawanyika kwa madoa yenye utaratibu. Mwaka uliofuata William Bragg na mwanawe Lawrence walionyesha namna ya kukokotoa nafasi za atomu kutokana na madoa hayo. Kasiteriti ilikuwa kati ya madini ya mwanzo kuchunguzwa kwa njia hiyo, na mwaka 1930 J. H. Sturdivant alichapisha muundo wa kolumbiti: kila atomu ya metali imezungukwa na atomu sita za oksijeni, na maumbo hayo ya ncha sita yameshikana kingo kwa kingo yakawa minyororo ya kipindapinda, safu moja ya chuma au manganisi ikifuatwa na safu mbili za niobi au tantali. Jengo hili lina matumizi hata leo, maana fuwele ya mpango huohuo iliyokuzwa maabara, yenye kobalti mahali pa chuma, ilitumiwa katika jaribio maarufu la mwaka 2010 kuhusu usumaku wa kikwantamu, kwa kuwa minyororo yake huzifanya atomu za kobalti zitende kana kwamba ziko kwenye mstari mmoja.

Kinachoipa koltani bei si fuwele yake. Tantali iliyotolewa ndani yake ilianza kujulikana sokoni mwaka 1905 kama waya wa taa za umeme za Siemens & Halske, kazi ambayo baadaye ilichukuliwa na tungsteni, na ilirudi kwa nguvu katika miaka ya 1950, Bell Laboratories ya Marekani ilipotengeneza kapasita mango ya tantali. Kapasita ni kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme kati ya vipitishi viwili vilivyotengwa na kihami, na kadiri kihami kinavyokuwa chembamba na chepesi kuitikia nguvu ya umeme, ndivyo chaji inavyoongezeka. Unga wa tantali hushindiliwa na kuchomwa ndani ya ombwe hadi uwe kidonge chenye vitundu vingi kama sifongo, kisha hutumbukizwa katika asidi na kupitishiwa umeme, na juu ya kila ukuta wa kila kitundu huota utando wa oksidi wenye unene usiofika nanomita 2 kwa kila volti moja iliyotumika. Utando huo huongeza uwezo wa kuhifadhi chaji kwa takriban mara 26 ukilinganishwa na ombwe, huku oksidi ya alumini ikiongeza kwa takriban mara 9. Lakini utando unaotakiwa hauna mpangilio wa fuwele hata kidogo: atomu zake zimesimama ovyo, mithili ya zile za kioo cha dirisha, na fuwele ndogo zikianza kuchipua ndani yake, umeme hupata njia ya kuvuja na kapasita huharibika. Jiwe lililoganda kwa utaratibu miaka milioni 1,000 iliyopita husagwa, huyeyushwa na kuvunjwa, na kazi ya mhandisi huwa ni kuuzuia utaratibu usirudi.

Kupanda kwa bei ya tantali mwaka 2000, simu za mkononi zilipoenea, kulileta katika Masisi na Walikale umati wa wachimbaji na watu wenye silaha. Mambo hayo yameandikwa vya kutosha, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 2001 zinayaeleza. Kisichoandikwa sana ni Lueshe, na hiyo ni kasoro, maana pale ndipo Kivu Kaskazini ilipoipa elimu ya fuwele kitu chake mahususi.

Lueshe ni mlima wa kabonatiti, mwamba adimu uliotokana na uji wa moto wenye kaboneti nyingi badala ya silika. Niobi yake imo hasa katika madini yaitwayo pirokloro, lakini mwaka 1959 A. Safiannikoff alieleza, katika chapisho la akademia ya Kibelgiji ya sayansi za ng'ambo, madini mengine meusi yenye sura ya mchemraba, yaliyoundwa kwa sodiamu, niobi na oksijeni, nayo yakaitwa lueshiti. Muundo wake ni wa jamii ya perovskiti, iliyopata jina kutokana na jiwe la milima ya Ural lililoelezwa mwaka 1839 na Gustav Rose, ndugu yake yule Heinrich Rose wa niobi. Katika perovskiti, atomu ndogo ya metali, ambayo hapa ni niobi, hukaa katikati ya oksijeni sita, na maumbo hayo huungana ncha kwa ncha, yakiacha baina yao nafasi kubwa zinazokaliwa na sodiamu. Kuungana kwa ncha badala ya kingo ndiko kunakoleta tofauti na kolumbiti, kwani maumbo yaliyoshikana kwa ncha huweza kuinama na kupinda, na niobi iliyo katikati huweza kusogea kidogo upande mmoja. Chaji chanya ikisogea upande mmoja na hasi upande mwingine, fuwele hupata ncha mbili za umeme. Na mnyumbuko huohuo ndio msingi wa piezoelektriki, tabia iliyogunduliwa na ndugu Jacques na Pierre Curie mwaka 1880, ambapo fuwele ikibanwa hutoa volti, na ikipewa volti hujinyoosha au kujikunja.

Oksidi ya sodiamu na niobi ilikuwa imekwisha kutengenezwa maabara kabla Lueshe haijatajwa. Bernd Matthias aliiorodhesha mwaka 1949 kati ya fuwele mpya za feroelektriki, yaani zile ambazo ncha zake za umeme zinaweza kugeuzwa kwa kubadili upande wa volti, lakini utafiti wa miaka ya 1950 ulionyesha kwamba katika joto la kawaida mambo si hivyo. Niobi za mistari jirani husogea kwa kupingana, kama timu mbili zinazovutana kamba kwa nguvu sawa, na jumla yake huwa sifuri; hali hiyo huitwa antiferoelektriki. Helen Megaw wa Cambridge, mzaliwa wa Dublin, alikusanya matokeo ya miaka mingi mwaka 1974 akaeleza hali saba za fuwele hiyo moja: hali ya feroelektriki chini ya nyuzi joto 100 hasi, hali ya kupingana hadi karibu nyuzi 360, kisha mfululizo wa miinamo tofauti hadi takriban nyuzi 640, ambapo miinamo yote hunyooka na mchemraba kamili kupatikana. Hakuna atomu inayoongezwa wala kuondolewa katika safari hiyo yote. Joto pekee hubadili namna zilivyosimama, na tabia ya umeme hubadilika pamoja nayo.

Mwaka uleule wa 1959 ambao Safiannikoff alilieleza jiwe la Lueshe, Egerton na Dillon wa Bell Laboratories walichapisha vipimo vya kauri iliyochanganya niobati ya sodiamu, yaani oksidi hiyohiyo ya sodiamu na niobi, na ile ya potasiamu, wakaonyesha kwamba potasiamu, iliyo kubwa kuliko sodiamu, huvunja mvutano wa mistari jirani na kuifanya kauri iwe na piezoelektriki inayofaa. Kauri hiyo haikushindana na ile ya risasi, zirkoni na titani, iliyokuwa imeshika soko la vipaza sauti, vihisi na mashine za kupiga picha za tumbo, mpaka madhara ya risasi yalipoanza kuleta sheria za kuizuia. Mwaka 2004 Yasuyoshi Saito na wenzake wa Japani walichapisha kauri ya niobati isiyo na risasi yenye nguvu inayokaribia ile ya risasi, na tangu hapo niobati ya sodiamu imekuwa kati ya dutu zinazochunguzwa sana katika fani hii.

Lueshe yenyewe haikunufaika na umaarufu huo. Kampuni ya Somikivu ilichimba pirokloro yake katika miaka ya 1980, kazi ikakatizwa katika muongo uliofuata usalama ulipozorota, na niobi ya dunia leo hutoka kwa sehemu kubwa sana Araxá nchini Brazili. Jiwe lake bado linahitajika kwa sababu tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliotumia sampuli za Lueshe na za Kola huko Urusi, ulionyesha kwamba madini ya asili hayalingani sawasawa na muundo wa dutu safi ya maabara, kwani atomu chache za elementi nyingine zilizojipenyeza hutosha kuyapindisha maumbo yake kwa namna nyingine. Na kwa kuwa katika elimu ya madini sampuli za mahali jiwe lilipoelezwa kwanza ndizo kipimo cha kurejewa panapotokea shaka, mtafiti anayetaka kulimaliza suala hilo hana budi kutumia vipande vilivyotoka Rutshuru.