Mkia wa Ndege

Wanahistoria wa Kiarabu wamesimulia habari za Abbas bin Firnas, mwanachuoni aliyekaa Qurtuba, katika Andalusia, karne ya tisa, mtu aliyejua falaki, mashairi na ufundi wa vioo, ambaye siku moja alijivika manyoya, akajifunga mabawa mawili, akajitupa hewani watu wakitazama. Al-Maqqari, aliyeiandika habari hiyo karne nyingi baadaye, asema kuwa aliruka masafa yasiyo haba, lakini alipotua aliumia mgongo, kwani hakutambua kwamba ndege anapotua hutegemea mkia, naye mkia hakujifanyizia. Huenda kisa hicho kilitiwa chumvi katika safari yake ya kinywa hata kinywa; walakini aliyekisimulia, awe nani, alikuwa na jicho la fundi, maana alipotafuta sababu ya ajali hakuyalaumu mabawa wala udhaifu wa mikono, bali aliutaja mkia.

Kwa muda unaokaribia miaka elfu baada yake, wengi waliotamani kuruka waliyakazia macho mabawa tu. George Cayley wa Uingereza alikuwa miongoni mwa wachache walioukumbuka mkia: mwaka 1799 alichora chombo chenye bawa lililotulia na usukani nyuma yake, na mwaka 1853, akiwa mzee, alimvusha mmoja wa watumishi wake juu ya bonde la Yorkshire katika chombo kisicho na injini. Otto Lilienthal wa Ujerumani alikwenda mbali zaidi. Alijirusha kutoka vilimani mara zipatazo 2,000, na kimoja cha vilima hivyo alikijenga mwenyewe karibu na Berlin. Lakini chombo chake alikiongoza kwa kuipeleka miguu na kiwiliwili huku na huku, yaani mwili wake mwenyewe ndio uliokuwa usukani, na tarehe 9 Agosti 1896 upepo ulipokiinua ghafula kichwa cha chombo, mwili huo haukutosha. Alianguka, akavunjika uti, na kesho yake akafariki.

Habari za kifo hicho ziliwafikia Wilbur na Orville Wright katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Hawa walikuwa wana wa askofu, hawakupita chuo kikuu, na riziki yao ilitoka katika duka la kuuza, kuunda na kutengeneza baiskeli. Watu wengi hulitaja duka hilo kwa mshangao, kana kwamba ni ajabu fundi baiskeli kuvumbua eropleni. Mimi naona ajabu ingekuwa kinyume chake. Baiskeli haisimami yenyewe. Mpandaji ndiye aisimamishaye, kwa kuinama kidogo huku na kukata usukani kidogo kule, hata mazoea yakimkaa mwilini hafikiri tena afanyalo. Wataalamu wa wakati ule walitafuta chombo kitakachojituliza chenyewe angani kama jahazi lililoshiba shehena. Ndugu hawa walitafuta chombo chepesi kupinduka lakini chenye kutii, wakiamini kwamba mtu aweza kujifunza kukipanda kama ajifunzavyo kupanda baiskeli.

Wilbur alikuwa amewatazama ndege wakubwa wakizipinda ncha za mabawa yao upepo unapowayumbisha. Siku moja ya mwaka 1899, akiwa dukani ameshika boksi tupu la mpira wa ndani wa gurudumu, alilisokota pasipo kukusudia, akaona upande mmoja umeinuka na wa pili umeinama ilhali boksi halikuvunjika. Alifahamu papo hapo. Wakaunda tiara kubwa yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, wakayasokota kwa kamba kutoka chini, na tiara ikalalia ubavu waliotaka.

Mwaka 1900 walikwenda Kitty Hawk, kijiji cha pwani ya North Carolina chenye mchanga mwingi, upepo wa kudumu na mbu wasio na huruma. Majaribio ya mwaka 1901 yaliwavunja moyo hata Wilbur, inasimuliwa, akamwambia mdogo wake kwamba binadamu hataruka katika umri wao. Mabawa yalibeba uzito mdogo kuliko walivyotazamia kwa hisabati za waliowatangulia. Basi walirudi Dayton, wakaunda sanduku la urefu wa futi 6, wakalipuliza upepo wa pangaboi, na ndani yake wakapima vibawa vidogo vipatavyo 200, kimoja baada ya kimoja, mpaka wakapata hisabati zao wenyewe.

Ila mabawa mema hayakuondoa taabu ya pili, ambayo ilikuwa ngumu zaidi. Waliposokota mabawa ili chombo kilale upande mmoja, bawa lililoinuka lilikokota hewa nyingi kuliko mwenziwe, likabaki nyuma, na chombo kikageuza uso kuelekea kusikotakiwa. Mwaka 1902 wakatia mkia wa wima uliokazwa usiweze kucheza. Ulisaidia, kisha mara nyingine ukawasaliti, chombo kikateleza ubavu hata kikajichimbia mchangani. Usiku mmoja Orville, aliyekunywa kahawa nyingi akakosa usingizi, alilala akiwaza, na asubuhi akaleta shauri: mkia usikazwe, uachwe ugeuke. Wilbur aliwaza kidogo, akaongeza kuwa kamba za mkia zifungwe pamoja na kamba za mabawa, ili vyote viwili vitii tendo moja la rubani. Wakafanya hivyo, wakaruka mara mamia katika Oktoba, na kwa maoni yangu eropleni ilizaliwa hapo, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya siku inayosherehekewa, kwa hisani ya kikombe cha kahawa.

Injini ilikuwa jambo jepesi kulinganisha na hilo. Fundi wao, Charlie Taylor, aliiunda kwa majuma sita, nayo ilitoa nguvu za farasi 12, zilizozungusha rafadha mbili kwa minyororo iliyo jamaa ya ile ya baiskeli. Wakati huohuo Samuel Langley, mkuu wa taasisi ya Smithsonian mjini Washington, alikuwa na dola 50,000 za Wizara ya Vita na injini ya nguvu za farasi 52, lakini rubani wake hakuwa ameionja hewa hata siku moja. Chombo chake kilirushwa kwa mtambo kutoka juu ya mashua katika mto Potomac, na tarehe 8 Desemba 1903, kwa mara ya pili, kikatumbukia majini. Watu wa pwani wangesema alitoka na ndege mbaya.

Siku tisa baadaye, tarehe 17 Desemba, Orville aliruka kwa sekunde 12, masafa ya futi 120, mbele ya watu watano, na mmoja wao, John Daniels, akabonyeza kamera iliyoipiga ile picha mashuhuri. Mruko wa nne, wa Wilbur, ulifika futi 852. Kisha upepo ukakipindua chombo kikiwa chini, kikavunjika, kisiruke tena milele. Ilipotimu Oktoba 1905, kwa chombo kipya, waliweza kuzunguka juu ya malisho ya Dayton maili 24 pasipo kutua. Na mwaka 1908 Wilbur alipokwenda Le Mans, Wafaransa, ambao walizoea kugeuka angani kwa kuteleza kama mashua isiyo na mkuku, walimwona akikilaza chombo ubavu na kukata kona kama kipanga, wakakiri kushindwa.

Smithsonian haikukiri upesi hivyo. Kwa miaka mingi ilikionyesha chombo cha Langley kuwa ndicho cha kwanza chenye uwezo wa kumchukua mtu angani, na Orville kwa hasira alikipeleka chao cha mwaka 1903 London, mwaka 1928. Taasisi iliyafuta maneno yake mwaka 1942. Chombo cha ndugu hao kiliporudishwa na kufunuliwa mbele ya watu mjini Washington, tarehe 17 Desemba 1948, Wilbur alikuwa na miaka 36 kaburini, na Orville miezi kumi na nusu.