Majina Ambayo Redio Haikuyataja

Sisi wa Kansay tuliijua timu ya Simba kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho. Kutoka huku kwetu mpaka Dar es Salaam ni mbali hata leo, na kwa mwalimu wa shule ya msingi wa miaka ile, ambaye mshahara wake ulikuwa na wenyewe kabla haujamfikia mkononi, safari ya kwenda kutazama kandanda ilikuwa ndoto. Kwa hiyo tulikusanyika kwa mwenye redio, betri zikiwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya dakika tisini, tukamsikiliza mtangazaji wa Radio Tanzania. Alichokisema ndicho kilichotokea. Ambacho hakukisema, kwetu hakikutokea.

Jambo hili nimelifikiria sana tangu nistaafu. Mtangazaji hufuata mpira, na hawezi kufanya vinginevyo. Akishika mpira winga, hutajwa winga. Akipiga shuti mshambuliaji, jina lake huvutwa mpaka pumzi ya mtangazaji iishe. Lakini beki aliyesimama mahali pake barabara, hata adui akaona heri apitie upande mwingine, huyo hatajwi, kwa sababu mpira haukumfikia. Kazi yake ilikuwa ni kufanya kitu kisitokee, na redio haina namna ya kutangaza kitu ambacho hakikutokea. Labda nina upendeleo. Mwaka 1971, ule ambao Sunderland walibadili jina wakaitwa Simba, nilikuwa chuo cha ualimu nikicheza namba tatu, beki wa kushoto. Msomaji anisamehe.

Chukua siku ya tarehe 19 Julai, 1977. Kila mpenzi wa Simba, hata aliyezaliwa miaka ishirini baadaye, anajua kwamba siku hiyo Yanga walifungwa mabao sita kwa bila. Muulize nani alifunga, atakujibu Abdallah Kibadeni. Ni kweli, Kibadeni alifunga matatu, na hakuna wa kumnyang'anya heshima hiyo. Bao moja Yanga walijifunga wenyewe kupitia kwa Selemani Sanga, na masikini ya Mungu, mchezaji yule akabaki katika vinywa vya watu kwa dakika moja ya maisha yake, kana kwamba hakuwahi kucheza siku nyingine. Yanabaki mabao mawili. Yalifungwa na Jumanne Hassan, aliyeitwa Masimenti. Mabao mawili katika mchezo wa Simba na Yanga ni kitu ambacho wachezaji wengi wakubwa wamestaafu bila kukipata. Lakini kwa kuwa aliyapata siku ambayo mwenzake alipata matatu, vijana ninaowauliza hapa kijijini hawamjui kabisa.

Na huyo angalau ana mabao ya kuonyesha. Matokeo yalikuwa sita kwa sifuri. Sita ina wenyewe, nimekwisha kuwataja. Sifuri je, ni ya nani? Katika miaka hamsini ya kuwasikiliza wapenzi wa kandanda wakibishana, sijamsikia hata mmoja akiisimulia ile sifuri. Wazee wenzangu wanamkumbuka Mohamed Kajole, beki wa Simba wa miaka ile, aliyekwenda pia na Taifa Stars katika fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980. Wanasema alikuwa hodari. Ukiwauliza alifanya nini hasa, wanakunja nyuso, wanatafuta, hawapati. Hawakumbuki kwa sababu hawakuambiwa.

Miaka mitatu kabla ya sita zile, mwaka 1974, Simba walifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Afrika. Katika safari hiyo waliwafunga Hearts of Oak mabao mawili kwa moja huko huko Accra, kisha wakawazuia Dar es Salaam wasipate hata bao. Walipokutana na Mehalla El Kubra wa Misri kila timu ilishinda nyumbani kwake bao moja kwa bila, nao wakatolewa kwa mikwaju ya penalti. Hesabu mwenyewe: mechi nne dhidi ya timu za Ghana na Misri, mabao mawili tu yakaingia katika lango la Simba ndani ya mchezo. Hiyo ni kazi ya walinzi na golikipa. Kwa maoni yangu kikosi kile kilifanya jambo kubwa kuliko mabao sita ya mwaka 1977, lakini kilichosalia midomoni ni zile sita, kwa kuwa Yanga ni jirani na Mehalla yuko mbali.

Mchezaji ninayemwonea uchungu kuliko wote, hata hivyo, si beki. Ni mfungaji, naye ni Thuwein Ally. Mwaka 1979 Simba walipangwa na Mufulira Wanderers wa Zambia, wakafungwa Dar es Salaam mabao manne kwa bila. Nakumbuka aibu ya siku ile. Nchi ilikuwa imetoka vitani au ingali vitani na Idi Amin, watu wana mambo mazito zaidi, lakini aibu ya mpira ilipata nafasi yake. Hakuna aliyetarajia kitu kutoka mechi ya marudiano. Kisha ikatufikia habari kwamba Simba wamewafunga Wazambia mabao matano kwa bila, kwao, mjini Lusaka. Mwenye redio alidhani mtangazaji amekosea kusoma. Thuwein peke yake alifunga matatu.

Mwaka ule ule Taifa Stars walikwenda Ndola wakitafuta sare tu ili waende Nigeria. Dakika zikiwa zimebaki chache Peter Tino akasawazisha, ikawa moja kwa moja, na Tanzania ikafuzu kwa mara ya kwanza. Bao la Tino lilistahili kila wimbo na kila kofi. Lakini tukishafika Nigeria, Machi 1980, ilikuwaje? Tulifungwa na wenyeji matatu kwa moja, bao letu akilifunga Juma Mkambi. Tukafungwa na Misri mawili kwa moja, tukatoka sare na Ivory Coast moja kwa moja. Mabao yote mawili hayo ya mwisho ni ya Thuwein Ally. Maana yake ni hii: kati ya mabao matatu tuliyoyafunga katika fainali zile, mawili ni yake. Tanzania haikurudi katika fainali hizo mpaka mwaka 2019. Kwa miaka thelathini na tisa mtu huyu alikuwa Mtanzania pekee aliyefunga zaidi ya mara moja katika fainali za Afrika, nasi tulikuwa tukisimulia habari za Ndola. Mlango tunaukumbuka, chumba tumekisahau.

Kushindwa nako hufuta majina. Mwaka 1993 Simba walifika fainali ya Kombe la CAF, wakapata sare ya bila kwa bila ugenini Abidjan dhidi ya Stella, kisha wakafungwa mawili kwa bila nyumbani. Mjukuu wangu aliwahi kuniambia, "Babu, hao si walifungwa tu?" Nikamweleza kwamba klabu nyingine ya Tanzania kufika fainali ya Afrika ilisubiriwa hadi Yanga mwaka 2023, na Simba wenyewe hawakurudi huko mpaka 2025, nao pia wote wawili hawakuleta kombe. Akanyamaza. Sijui kama alikubali.

Mwaka 2003 ndio ulionifundisha kwamba hata ushindi hautoshi. Simba waliwafunga Zamalek, mabingwa wa Afrika, bao moja kwa bila Dar es Salaam, wakafungwa moja kwa bila Cairo, mambo yakaishia kwenye penalti. Golikipa Juma Kaseja akawa shujaa, naye alistahili. Lakini penalti ya mwisho, ile iliyowavua Zamalek ubingwa na kuwaingiza Simba katika hatua ya makundi, ilipigwa na kiungo Christopher Alex. Fikiri, ndugu msomaji, kijana yule anatembea kutoka katikati ya uwanja kwenda kuuweka mpira, Cairo nzima inamzomea. Alifunga. Alifariki dunia mwaka 2013, akiwa bado kijana. Siku tuliposikia habari hiyo, mwalimu mwenzangu, shabiki wa Simba wa kufa na kupona, aliniuliza: "Alex yupi?"

Nilimcheka mwenzangu, na sikupaswa. Maana haikupita miaka mingi nikiwa mnadani Karatu mtu mzima mmoja akanisimamisha. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba." Akasema, "Mimi nilikuwa namba tatu wako. Tulichukua ngao ya tarafa." Ngao niliikumbuka. Nilimkumbuka aliyefunga bao, na mahali alipopigia, na kwamba ilikuwa imenyesha. Yeye sikumkumbuka, wala uso wala jina. Mimi, niliyecheza namba tatu! Nilijaribu kujifanya namfahamu, nikataja ukoo uliokuwa si wake. Akatabasamu kwa adabu, kama wanafunzi wetu wa zamani wanavyotuhurumia.

Niliporudi nyumbani nilitoa madaftari ya michezo niliyoyatunza kwa miaka yote ya ualimu wangu. Nilikuwa najivunia madaftari yale. Kila mechi ina tarehe, matokeo na wafungaji. Wafungaji tu. Tulishinda mechi nyingi kwa bao moja kwa bila, na kwa kila mechi ya namna hiyo nimeandika jina moja kati ya kumi na moja. Hakuna mtangazaji aliyenilazimisha. Nilikuwa nimesimama pembeni ya uwanja nikiwaona wote.

Nilimtumia salamu yule mtu, nikamwomba aniletee majina ya wenzake wa timu ya ngao. Alikuja kwa miguu siku ya Jumapili, tukakaa chini ya mti tukayaandika. Alikumbuka manane, la kwake likiwamo, nami nikaongeza la mfungaji. Nafasi mbili bado ziko tupu katika daftari, na moja ni ya golikipa. Amesema atamuuliza dada yake, aliyekuwa darasa moja nao.