Vigezo vya Viungo na Ushahidi wa Matoleo ya Kale ya Wikipedia

Mtafiti anayefungua toleo la mwaka 2008 la makala ya Wikipedia huamini kwamba anasoma kile walichokisoma wasomaji wa mwaka huo. Imani hiyo ina kasoro, na chanzo chake ni kigezo.

Tangu mwaka 2004 programu ya MediaWiki imevitengea vigezo kurasa zake. Makala ya filamu haibebi anwani nzima ya IMDb. Hubeba jina la kigezo na namba ya filamu, nacho kigezo huunda anwani. Tovuti ikibadili muundo wa anwani zake, mhariri mmoja hurekebisha mstari mmoja, na maelfu ya makala hurekebika. Kwa Wikipedia zenye wahariri wachache, ikiwamo ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003, hiyo ni nafuu kubwa.

Kwa mwanahistoria ni mtego. Marekebisho hayo huandikwa katika historia ya kigezo, si ya makala. Na toleo la kale linapofunguliwa, programu hutumia kigezo kilivyo leo. Kiungo kinachoonekana katika toleo la 2008 huenda kimeundwa mwaka jana. Tena, tangu Wikidata ianzishwe Oktoba 2012, baadhi ya vigezo huchota huko hata namba yenyewe, hivyo historia ya kiungo kimoja hutawanyika mahali patatu.

Kwa sababu hiyo, utafiti huu haukutegemea ukurasa unaoonekana. Kila toleo lilisomwa katika matini yake ghafi, kisha likalinganishwa na toleo la kigezo lililokuwa likitumika tarehe ileile: kazi ya kuchosha, ambayo tafiti zinazohesabu viungo haziwezi kuikwepa.