Nani Aliyakasirisha Magari?

Wasee, simama kando ya Thika Road hapa Kimbo saa moja asubuhi. Usiangalie namba, angalia sura. Taa ni macho, grili ni mdomo. Sasa niambie ni ngapi zinatabasamu.

Zamani haikuwa hivi. Volkswagen Beetle, ile Vic Preston alishinda nayo Safari Rally 1954, ilikuwa na macho ya duara kama mtoto ameamshwa tu. Wazee watakuambia magari ya enzi hizo yalikuwa na roho safi. Zii. Taa ya duara ndiyo ilikuwa rahisi kutengeneza. Huko Marekani, sheria ililazimisha taa za aina moja kutoka 1940, ikalegezwa 1983.

Peugeot 504 ya 1968, iliyobeba abiria wetu wa safari ndefu miaka mingi, tayari macho yake yalikuwa na pembe. Baadaye plastiki ikachukua nafasi ya kioo, balbu zikawa ndogo, LED ikaja. Sasa jicho linaweza kuchorwa vyovyote.

Na wachoraji wakachagua nini? Hasira. Cheki Subaru Impreza. Ya mwaka 2000 ilikuja na macho ya duara, mashabiki wakaikashifu. Ikabadilishwa uso mara mbili, na kufikia mwisho wa 2005 ikawa ile tunaita hawkeye, jicho la mwewe. Nani hapa Ruiru hajui hiyo?

Usidhani ni mambo ya mtandao tu. Mwaka 2012, Sonja Windhager wa Chuo Kikuu cha Vienna na wenzake walichapisha utafiti. Waliwaonyesha watu wa Austria na watu wa mashambani Ethiopia sura za magari. Waethiopia hao hawakuwa wamezungukwa na magari kama wale wa Austria, lakini kwa mengi walikubaliana: hili ni kama mtoto, hili limekomaa, hili lina ubabe. Kumbe jicho la binadamu linasoma uso popote.

Hapo ndipo shida yangu iko. Dereva amekaa nyuma ya huo uso, haoni. Anayeuona ni mama anayevuka na mzigo wa mboga, ni mtu wa boda, ni mwenye Vitz aliyewasha indiketa na hakuna anayempisha. Gari kubwa lenye macho yamekunjwa likitokea kwa kioo, watu wanatoka njiani kabla lipige honi. Mwenyewe anaita hiyo heshima. Mimi naita woga.

Hatukuzichora hizi sura. Nyingi tunaletewa mitumba kutoka Japani, isiyozidi miaka 8. Lakini kuchagua tunachagua, na mguu ulio kwa breki ni wetu. Ukiwa na gari lenye sura ya vita, wewe ndiwe wa kupunguza mwendo kwanza. Anayevuka hawezi kujua kama unatabasamu huko ndani.