Haki ya Panya

Miongoni mwa viumbe wakaao pamoja na binadamu, ni wachache wachukiwao kama panya. Hula nafaka ghalani, hutoboa magunia, hutafuna nguo, na huingiza maradhi nyumbani. Kwa hiyo mtu akisema kwamba panya naye ana haki yake, wasikiao hucheka. Walakini historia ya mji wa Nairobi, ikisomwa kwa makini, yatuonyesha kwamba neno hilo si la kuchekwa.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899. Mahali palipokuwa kinamasi pakasimama mahema, karakana na maduka ya mabati. Watu walisongamana, taka zikalundikana, na panya wakastawi. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na wakuu wa mji wakaamuru soko hilo litiwe moto. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1894, Alexandre Yersin alikuwa amekwisha kuvigundua vijidudu vya tauni huko Hong Kong. Na mwaka 1898 Paul-Louis Simond alitambua kwamba kiroboto wa panya ndiye achukuaye ugonjwa huo. Basi panya wa Nairobi aliingia katika historia ya mji akiwa mshitakiwa, na hukumu yake ya kwanza ilikuwa moto.

Hata hivyo mji haukuwa mgumu wa moyo kwa kila mnyama. Katika mwaka 1910 mambo mawili yalianzishwa Nairobi. La kwanza lilikuwa jumba dogo la makumbusho, kazi ya wapenzi wa elimu ya viumbe. La pili lilikuwa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, kilichozaliwa kwa huruma juu ya ng'ombe waliokuwa wakikokota magari mazito na kupigwa njiani. Chama hicho kingaliko hata leo. Huruma ilianza kwa ng'ombe kwa sababu ng'ombe alionekana na manufaa yake yalijulikana. Panya hakuwa na mtetezi.

Makumbusho yalikua. Mwaka 1930 yalifunguliwa katika jengo jipya kilimani, yakaitwa kwa jina la Gavana Coryndon, na baada ya uhuru wa mwaka 1963 yakawa Makumbusho ya Taifa. Mwaka 1961 hifadhi ya nyoka ilianzishwa hapo hapo, ili watu wajifunze habari za chatu, kifutu na swila badala ya kuwaogopa tu. Tangu hapo wanafunzi wengi wamepita mbele ya vioo vile, na wengi wao huuliza swali moja: Nyoka hawa hula nini?

Jibu lake ni fupi, lakini lina uzito. Nyoka hali ugali wala majani. Wengi katika nyoka wakubwa hula wanyama wenye damu ya moto, na chakula kilicho chepesi kupatikana kwao ni panya. Panya wa mtaani hafai, kwa maana yamkini amekula sumu au ana minyoo. Imempasa mfugaji basi kutumia panya waliozaliwa na kulelewa mahali safi kwa kazi hiyo. Na hapo ndipo neno la haki linapoingia. Panya huyo hakuiba nafaka ya mtu, wala hakuleta tauni. Alizaliwa ili afe, na siku yake ya kufa yachaguliwa na binadamu.

Zamani jambo hili halikufikiriwa sana. London, ambako nyumba ya nyoka ilifunguliwa katika bustani ya wanyama mwaka 1849, nyoka walipewa wanyama walio hai mbele ya watazamaji, mpaka watu wenye huruma wakapiga kelele. Waliotetea desturi hiyo walisema kwamba hata porini nyoka hula windo lililo hai. Hoja hii ina nguvu, lakini haitoshi. Porini panya ana shimo la kukimbilia, ana majani ya kujificha, na pengine huokoka. Ndani ya sanduku la kioo hana mlango. Aliyeufunga mlango si nyoka, ni mtu. Kwa hiyo atakayeulizwa juu ya hofu yake ni mtu. Zaidi ya hayo, panya aliyebanwa hung'ata, na nyoka asiye na njaa aweza kujeruhiwa vibaya na chakula chake mwenyewe.

Fikira za wataalamu zilibadilika polepole. Mwaka 1926 Charles Hume alianzisha katika Chuo Kikuu cha London chama cha kutazama hali ya wanyama kwa njia ya elimu, si kwa machozi matupu. Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch walitoa kitabu kilichowafundisha wataalamu wa maabara mambo matatu: kutumia kitu kingine badala ya mnyama iwezekanapo, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza maumivu yao. Kutoka maabara, mafundisho hayo yalienea hata kwa wafugaji wa nyoka.

Leo mfugaji mwema humwua panya kwanza, ndipo amlishe nyoka. Aghalabu hutumia hewa ukaa, ile tuitoayo tunapopumua, akiiingiza chomboni kidogo kidogo ili panya apoteze fahamu kabla ya kufa. Akiijaza kwa ghafula, panya hupata uchungu na hofu. Vitoto vichanga huvumilia hewa hiyo kwa muda mrefu zaidi, hivyo havitoshelezwi na kipimo cha wakubwa. Kumtia panya hai katika barafu ni ukatili, ijapokuwa hafanyi kelele. Baada ya kufa kwake kuthibitishwa, huhifadhiwa katika barafu. Siku ya kula huyeyushwa, hupashwa joto, na kushikwa kwa koleo mbele ya nyoka, ambaye hufuata harufu na joto. Kazi hii ni ya mtu aliyefundishwa, wala si ya mwanafunzi kuijaribu. Nchini Kenya hata kufuga nyoka wa porini kwahitaji kibali cha serikali.

Mimi nililelewa Satellite, upande wa Riruta. Tulipokuwa watoto tulinasa panya katika mtego wa waya, tukamwagia maji ya moto, tukacheka aliporuka. Mzee mmoja jirani alitukuta. Hakutupiga. Alisema, "Wajukuu, kumwua ni haki yenu, maana amekula mahindi ya mama zenu. Kumchezea si haki yenu." Tulinyamaza, na mtego ukabaki mkononi mwangu, mzito kuliko ulivyokuwa.

Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, lakini sheria haiingii katika kila chumba chenye mtego. Humo huingia mtu peke yake na moyo wake. Ni rahisi kumhurumia ng'ombe atupaye maziwa. Huruma hupimwa kwa yule tusiyempenda, naye yu mkononi mwetu, na hapana atuonaye.