Tretiy taym (filamu)

Tretiy taym, yaani "Kipindi cha Tatu", ni filamu ya Kirusi kuhusu soka na vita, iliyotengenezwa na studio ya Mosfilm mwaka 1962 kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe. Iliongozwa na Yevgeny Karelov. Hadithi yake inatokana na kitabu cha Aleksandr Borshchagovsky, mwandishi mzaliwa wa Ukraine. Miongoni mwa waigizaji wake walikuwamo Leonid Kuravlyov na Vyacheslav Nevinny, waliokuja kuwa nyota wa sinema ya Kisovyeti.

Kisa kinatokea Kyiv mwaka 1942, mji ukiwa mikononi mwa Wajerumani. Wafungwa waliowahi kucheza soka wanakusanywa ili wapambane na timu ya jeshi la wavamizi. Wanaambiwa wazi: wakishindwa wataishi, wakishinda watauawa. Wanashinda, nao wanauawa. Hapo ndipo penye uzito wa filamu hii, kwa sababu kila bao wanalofunga linawasogeza karibu na risasi, na bado wanazidi kufunga. Mtazamaji anayeshangilia bao anajikuta ameshangilia kifo cha mfungaji.

Chimbuko lake ni mechi iliyochezwa kweli. Baada ya Kyiv kutekwa Septemba 1941, baadhi ya wachezaji wa klabu za Dynamo na Lokomotyv walipata kazi katika Kiwanda cha Mikate Namba 1. Kwa watu waliokuwa wakifa njaa, kazi hiyo ilikuwa uhai. Mlinda mlango Nikolai Trusevich na wenzake waliunda timu iliyoitwa Start, na kuanzia Juni 1942 ikawa inazishinda timu za wenyeji na za majeshi ya kigeni. Tarehe 6 Agosti iliifunga 5–1 Flakelf, timu ya askari wa mizinga ya kutungulia ndege. Wajerumani wakataka marudiano. Yalifanyika tarehe 9 Agosti katika uwanja wa Zenit, na Start ikashinda tena, 5–3.

Hakuna aliyeuawa siku hiyo. Wiki moja baadaye Start ilirudi uwanjani na kuifunga timu ya Rukh 8–0. Ndipo, tarehe 18 Agosti, Gestapo ilipoanza kuwakamata kiwandani. Dynamo ilikuwa klabu ya polisi wa Kisovyeti, na Nikolai Korotkykh, aliyewahi kutumikia idara ya usalama ya NKVD, alifia mikononi mwa watesaji. Wengine walipelekwa kambi ya Syrets. Trusevich, Ivan Kuzmenko na Aleksei Klimenko walipigwa risasi huko tarehe 24 Februari 1943, zaidi ya miezi sita baada ya mechi. Makar Goncharenko, mmoja wa walionusurika, aliishi hadi miaka ya 1990, na uzeeni alisema kwamba wenzake hawakuuawa kwa sababu ya soka.

Filamu inaifupisha miezi hiyo yote, na propaganda ya Kisovyeti ilipenda ufupisho huo: bao, kisha kifo, bila njaa ya katikati. Lakini jambo lililoachwa nje lilistahili filamu kuliko lile lililotungwa. Watu waliobeba magunia ya unga kwa hofu kila siku, wakapata nguvu ya kukimbia kwa dakika 90 mbele ya umati wa mji uliovamiwa, hawakuhitaji kupambwa ili wawe mashujaa.

Hata hivyo hadithi ilishika kasi. Inasemekana watazamaji zaidi ya milioni 30 waliiona filamu hii katika Umoja wa Kisovyeti. Mwaka 1971 mnara wa kumbukumbu ulisimamishwa kwenye uwanja wa Dynamo. Mwaka mmoja kabla ya Karelov, Mhungaria Zoltán Fábri alikuwa tayari ametoa filamu yenye kisa kama hicho, na mwaka 1981 John Huston akatoa yake, akimshirikisha Pelé. Katika ile ya Huston wafungwa wanatoroka uwanjani wakiwa hai. Mwaka 2012 Urusi ilitoa filamu nyingine, Match, ya Andrei Malyukov, ambayo ilizua mabishano makali Ukraine kuhusu namna ilivyowaonyesha Waukraine kuwa vibaraka wa wavamizi. Huko Ujerumani, waendesha mashtaka wa Hamburg walichunguza mauaji ya wachezaji hao kwa miaka mingi, na mwaka 2005 wakalifunga jalada bila kumfikisha yeyote mahakamani.